Kibao cha Njia Kilichogeuzwa

Jua lilikuwa bado juu, lakini la Mama Mkate lilikuwa limekwisha kutua. Alifika mlangoni, akasimama kidogo ameshika ukuta. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

Jina la Mama Mkate alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Kila siku aliamka kabla ya jogoo, akaenda kwenye kiwanda cha mikate. Alikanda, akakata, akapanga kwenye trei, akatia kwenye tanuri, akatoa. Akimaliza hapo alianza tena. Watoto wa mtaani walimtania kuwa yeye anazeeka kuanzia nyusi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aligeuza uso kuifuata sauti, kwa maana mtu mwenyewe hakumwona vizuri. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Bibi huyo alicheka hapohapo mbele ya daktari. "Watoto wangu wote niliwaomba kwa Mungu," alisema. "Huyu wa jicho kaja bila kuombwa."

Sasa alikohoa kidogo, kama mtu anayetaka kuanza jambo.

"Kitendawili!"

"Mama, jamani. Ngoja nikae kwanza."

"Kitendawili hakingoji mtu akae."

"Haya. Tega."

"Anawaonyesha wote njia, mwenyewe hajawahi kufika."

Mama Mkate alijitupa kwenye kiti. Alijaribu kufikiri, lakini kichwani mlikuwa na unga mtupu.

"Sijui, mama."

"Basi nipe mji."

"Chukua mji wowote unaoutaka, ilimradi uniachie kitanda."

Bibi akacheka. "Sichukui. Kaa nacho. Siku utakayopumzika utakitegua."

Kutoka jikoni alitoka baba, ameshika kikombe cha maji. Huyu mtaa mzima ulimwita Bawabu. Alilinda geti la kiwanda cha sabuni tangu ujana hadi alipostaafu. Kofia yake ya kazi hakuiacha, aliivaa mpaka ndani ya nyumba. Sifa yake ilikuwa moja. Kila aliyefika getini aliulizwa maswali yaleyale: wewe ni nani, umetoka wapi, unamtaka nani. Siku moja shemeji wa mwenye kiwanda alikataa kujibu. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likamchoma, akajibu.

"Kunywa maji, mwanangu," alisema Bawabu. "Halafu tufanye lile jambo. Leo ni Ijumaa."

Mama Mkate alifumba macho. Lile jambo lilikuwa limemkaa kifuani wiki nzima.

Hospitali ya macho ilikuwa imempangia mama yake nafasi ya upasuaji. Lakini nafasi hiyo ilitakiwa kuthibitishwa kwenye mtandao, mwisho Ijumaa, kabla ofisi haijafungwa jioni. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Na foleni hiyo ilikuwa ndefu kama siku ya njaa. Alipiga simu ya hospitali kila siku wakati wa mapumziko. Simu iliita, ikaita, mpaka ikachoka yenyewe. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haikuweza kufungua mtandao. Kila siku alisema, nikirudi nitathibitisha kwa kompyuta. Kila siku alirudi akalala na viatu.

Sasa Ijumaa ilikuwa imefika.

Alifunua kitambaa juu ya kompyuta. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja, ya zamani. Mpwa wake aliwaachia alipohama. "Mashine hii imezeeka," mpwa alisema. "Mifumo mizito itaiua. Nimeiwekea Linux, mfumo mwepesi, hauuzwi." Tangu siku hiyo waliiita Babu. Babu aliwaka polepole, akaguna, lakini aliwaka.

Ila siku hizi Babu alikuwa na tabia mpya. Ukitafuta kitu chochote, unaletewa ukurasa wa rangi ya zambarau uliojaa matangazo. Ukitafuta hali ya hewa, unauziwa mkanda wa kupunguza tumbo. Ukitafuta dawa ya panya, unauziwa mkanda uleule. Mama Mkate alikwisha kujaribu kurudisha mtafutaji wa zamani kwenye mipangilio. Kitufe kilikataa kubonyezeka. Alidhani ni vidole vyake vina unga.

"Leo sitafuti," alisema. "Anwani yao ipo kwenye kadi ya hospitali. Nitaiandika mwenyewe, herufi kwa herufi."

Aliandika. Alihakiki. Akabonyeza.

Kioo kilitoa onyo: Muunganisho huu si salama.

"Baba, hii nini tena?"

"Ah, siku hizi inalalamika hivyo," alisema Bawabu. "Bonyeza kuendelea. Itanyamaza."

Alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka hushukuru akiambiwa bonyeza. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, na picha ya hospitali juu yake. Uliuliza jina la mgonjwa. Akaandika. Uliuliza jambo lingine, na vidole vyake vikaanza kuandika kabla akili haijasoma.

"Soma kwa sauti," mama yake alisema kutoka dirishani. "Mimi ndiye mwenye jicho."

"Wanasema, ili kuthibitisha upasuaji, andika namba yako ya simu. Kisha andika namba yako ya siri ya kutolea pesa."

"Rudia hapo mwisho."

"Andika namba yako ya siri ya kutolea pesa."

Bibi aligeuza uso kutoka dirishani.

"Mwanangu, jicho langu na namba yako ya siri vimejuania wapi?"

Mama Mkate aliondoa mikono haraka kama mtu aliyegusa trei ya moto. Alitazama anwani juu ya ukurasa. Ilikuwa sawasawa na ya kwenye kadi, hapakuwa na herufi iliyozidi wala iliyopungua. Basi nani huyu anayekaa kwenye nyumba ya hospitali na kuuliza mambo ya mfukoni?

Alilaza kichwa mezani.

"Siwezi tena," alisema. "Kama nafasi inapotea, na ipotee. Mimi sina la kufanya."

Mama yake alishika ukingo wa dirisha, akapapasa mbao kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Mama Mkate aliuona mkono ule, akajuta kusema.

Bawabu akaifunga kompyuta, akaitia kwenye kikapu pamoja na kadi ya hospitali, akaifunika kwa kitambaa.

"Inuka," alisema. "Kuuliza si ujinga. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu alikaa nyumba ya pili. Alifundisha kompyuta kwenye maktaba, lakini sasa alikuwa nyumbani na mguu wenye plasta. Alianguka kwenye ngazi za maktaba akiwa ameshika simu. Mguu ulivunjika, na simu ikapasuka kioo.

"Shikamoo, mzee," alisema walipoingia. "Karibuni. Mnisamehe, siinuki. Nikiinuka mimi, mguu unabaki."

Mguu ulikuwa umewekwa juu ya kigoda, plasta imejaa maandishi ya wanafunzi. Mwalimu naye alionekana amechoka, kwa sababu usiku mguu ulimwasha mahali asipoweza kujikuna. Lakini aliposikia habari ya jicho na jioni ya leo, alivuta meza karibu.

"Kabla hatujagusa kitu, tujue ugonjwa uko wapi," alisema. "Maji yakitoka machafu kwenye bomba lako, unauliza nini kwanza?"

"Nauliza jirani," alisema Mama Mkate. "Kwake yakoje?"

"Hivyohivyo. Leo jirani ni simu yangu. Nusu ya juu ya kioo inasikia, nusu ya chini ni kiziwi. Siwezi kuandika, lakini naweza kuongea nayo."

Aliitajia simu jina la hospitali. Ukurasa ukaja. Ulikuwa mweupe, hauna makeke, na juu yake pameandikwa: Hospitali haiombi namba ya siri ya mtu yeyote.

"Sasa nampa Babu wenu intaneti hii hii ya simu yangu. Andika anwani ileile."

Mama Mkate aliandika. Onyo likatokea tena.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Maji ni yaleyale. Kwenye simu ni safi, kwenye kompyuta machafu. Basi shida haiko kwenye intaneti ya kwenu. Imo ndani ya kompyuta, na mmekuja nayo kikapuni. Na hilo onyo, nani aliwaambia mlipite?"

Bawabu aliitazama dari.

"Onyo la namna hii ni mbwa anayebweka," Mwalimu aliendelea. "Humwambii nyamaza ukarudi kulala. Unatoka uone anambwekea nani."

"Na hatuwezi kuthibitisha kwa simu yako tuondokane?" Mama Mkate aliuliza.

"Ningependa. Lakini fomu inataka jina na namba ya kadi, na herufi za kuandikia ziko upande wa kiziwi. Tumtibu Babu. Mzee, kaa hapa mbele. Mimi mkono haufiki, wewe ndiye utakayebonyeza."

Walianza kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Bawabu alifungua mipangilio, akaenda sehemu ya utafutaji. Mtafutaji wa zambarau alikuwa amekaa pale, na kitufe cha kumbadilisha kimepauka, hakibonyezeki. Juu kabisa palikuwa na maandishi madogo. Mama Mkate aliyasoma.

"Kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani? Sisi ni watu watatu na paka."

"Mmemchunguza paka?" Mwalimu aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Mkate akacheka.

"Maneno haya ni ya kweli kwenye kompyuta za ofisini," Mwalimu alieleza. "Ofisi huweka amri ili wafanyakazi wasibadilishe mambo. Kwenye kompyuta ya nyumbani ni dalili mbaya. Kuna mtu amejifanya ofisi yenu. Nenda kwenye viongezi, mzee. Hivyo ni vijiprogramu vinavyopandikizwa kwenye kivinjari."

Kilikuwapo kimoja, kinaitwa Msaidizi wa Haraka. Nacho hakikutaka kuondolewa.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Bawabu.

"Huyu ukimpa jembe atakuchimbia shimo. Amejifungia chumbani, funguo kazitia mfukoni. Tumwache kidogo. Nataka kujua kwa nini anwani sahihi inawapeleka pasipo sahihi."

Mwalimu alichukua bakora yake, akaisimamisha mezani kama mti.

"Tuseme hii ni njiapanda, na hapa pana kibao cha njia. Wewe unaijua hospitali kwa jina. Kompyuta haiendi kwa majina, inakwenda kwa namba. Kwa hiyo ukiandika jina, kompyuta inakwenda kwanza njiapanda kuuliza: mwenye jina hili namba yake ngapi? Anayejibu huitwa DNS. Mtaziona herufi hizo tatu kwenye mipangilio. Kazi yake ni hiyo tu, unampa jina, anakupa namba."

Kisha akaigeuza bakora.

"Sasa mtu akija akakigeuza kibao? Utasoma neno hospitali. Utafuata mshale. Utatembea vizuri kabisa, hukukosea hatua. Utafika dukani kwake."

Mama Mkate alikitazama kishikio cha bakora. Kuna kitu kilimgusa kichwani, kikapita. Alikuwa amechoka mno kukishika.

Walifungua mipangilio ya mtandao. Pale kwenye DNS pameandikwa ijichague yenyewe. Hapakuwa na kosa.

"Basi kibao kimegeuzwa ndani zaidi," Mwalimu alisema. "Fungua dirisha jeusi la amri. Usiogope rangi. Andika: resolvectl status."

Bawabu aliandika kwa kidole kimoja. Maandishi yakashuka. Mwalimu aliinama, akasoma, akaonyesha mstari wa juu.

"Namba hii ya DNS si ya mtandao wangu, na sidhani kama ni ya mtandao wenu. Imechomekwa kwenye mfumo wenyewe. Ndiyo maana inawafuata kila mnakokwenda." Akainua kichwa. "Lakini Linux haimruhusu mtu kugusa humo bila nenosiri la msimamizi. Mlango huo haukuvunjwa, ulifunguliwa kutoka ndani. Nenosiri analijua nani?"

Lilijulikana na watu wawili. Mama Mkate alimtazama baba yake.

Bawabu alikuwa ameivua kofia. Alikuwa akiizungusha mikononi polepole.

"Ni mimi," alisema.

"Baba?"

"Mama yako aliniomba nimsomee habari. Nikimsomea ananiambia nasoma kama mtu anayevuta punda aliyegoma. Nikaona bora asome mwenyewe, herufi zikiwa kubwa. Nikatafuta programu ya kukuza herufi. Ukatokea ukurasa. Ukaniambia kompyuta yako haina programu hiyo, nakili mstari huu, ubandike kwenye dirisha jeusi, andika nenosiri. Herufi hazikukua. Nikaona aibu, nikanyamaza."

"Hukuuliza maswali yako?" Mama Mkate alisema. "Wewe, baba? Wewe uliyemchomesha jua shemeji wa mwenye kiwanda?"

"Sikuuliza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni kompyuta yenyewe inayosema. Bawabu hamsaili mwenye kiwanda."

Mama Mkate alitaka kukasirika. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na nguvu alikuwa ameiacha kwenye tanuri. Tena alikumbuka. Ni nani aliyebonyeza kuendelea leo mchana, mbwa akibweka?

Mwalimu hakumkemea mtu.

"Mzee, kosa hilo wanalifanya wengi," alisema. "Ukurasa wa mtandao si kompyuta yako. Ni mgeni aliyesimama nje ya geti. Anaweza kuvaa sare ya kiwanda, akasema kama mwenye kiwanda, akakuita kwa upole. Bado yuko nje. Na mstari wa dirisha jeusi usioujua maana yake, hubandiki. Unamuuliza maswali yako yaleyale."

"Wewe ni nani, umetoka wapi, unamtaka nani," alisema Bawabu. Akairudisha kofia kichwani. "Niambie pa kubonyeza."

Nje kivuli cha nyumba kilikuwa kimeanza kufika upande wa pili wa barabara. Mama Mkate alikitazama. Ofisi za hospitali zilikuwa zinakaribia kufungwa.

Mwalimu alimwongoza Bawabu bila haraka. Kwanza walifungua faili la mfumo linaloitwa resolved.conf. Kabla ya kugusa kitu walinakili faili lote pembeni, ili wakikosea waweze kurudi. Ndani yake mistari karibu yote ilianza na alama ya reli, yaani #. "Hiyo imelala, haifanyi kazi," Mwalimu alisema. Mstari mmoja tu haukulala, na ulibeba ile namba ya mgeni. Bawabu aliufuta. Kisha walitafuta faili la amri za kivinjari, lile lililojifanya shirika. Nalo wakalinakili pembeni, wakaliondoa mahali pake. Walitazama pia faili linaloitwa hosts, ambamo majina na namba huweza kuandikwa kwa mkono. Humo hamkuwa na jina geni.

"Mzime Babu, umwashe," alisema Mwalimu.

Babu alizimika. Kisha akaguna. Akawaza. Akaguna tena.

"Babu, tafadhali," Mama Mkate alimnong'oneza. "Nitakununulia kitambaa kipya."

Babu akawaka. Walimuunganisha tena na simu. Bawabu aliandika resolvectl status bila kuambiwa. Namba ya mgeni haikuwapo. Walifungua kivinjari, maneno ya shirika yametoweka.

"Paka amefukuzwa kazi," alisema Mwalimu.

Sasa Msaidizi wa Haraka alitolewa kwa mbofyo mmoja, na kitufe cha mtafutaji kikakubali kubadilika. Mama Mkate alivuta kiti, akaandika anwani ya hospitali. Hakuna onyo. Ukurasa mweupe ukafunguka, na kufuli dogo limefungwa kando ya anwani.

"Kufuli linasema njia haijaingiliwa," Mwalimu aliongeza haraka. "Halisemi kwamba mwenye nyumba ni mwema. Kwa hiyo anwani usome vilevile, na wanachokuomba ukisome. Wanaomba nini?"

"Jina na namba ya kadi."

"Basi?"

"Basi."

"Andika."

Aliandika jina la mama yake. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Aliandika namba ya kadi. Akabonyeza. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka. Wote watatu walikitazama bila kupumua. Hata mguu wenye plasta ulionekana kungoja.

Nafasi yako imethibitishwa.

Mama Mkate alifungua kinywa apige kelele ya furaha. Ilitoka miayo.

"Bado hatujamaliza," Mwalimu alisema, naye akipiga miayo, kwa kuwa miayo huambukizana. "Mtu aliyewahi kushika funguo zako, hujui amechonga ngapi. Barua pepe yenu msiifungue kwa kompyuta hii kwanza. Nendeni maktaba, mbadilishe nenosiri la barua pepe huko. Mimi nikipata ruhusa ya kutembea, nileteeni Babu. Tutahifadhi picha zenu tu, tumwekee mfumo mpya kabisa, na nenosiri jipya. Hapo ndipo mtalala usingizi."

"Na herufi kubwa?" Bawabu aliuliza kwa aibu.

"Fungua mipangilio. Tafuta palipoandikwa ufikivu. Umeona? Maandishi makubwa. Washa."

Herufi zikavimba kama mkate ndani ya tanuri. Bawabu alizitazama kwa muda mrefu.

"Zilikuwamo humu siku zote?"

"Siku zote, mzee."

Walirudi nyumbani taratibu, Bawabu na kikapu, Mama Mkate nyuma yake. Bibi aliwasikia kabla hawajagusa mlango.

"Je?"

"Imethibitishwa, mama."

Bibi aliinuka kidogo kitini. Alitafuta mkono wa binti yake hewani, akaupata, akaushika na unga wake. Bawabu ndiye aliyemsimulia yote, tena bila kujificha. Alipofika kwenye punda aliyegoma, bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwenye macho yale yenye ukungu.

Upasuaji ulifanyika. Babu naye alipelekwa maktaba kwa Mwalimu, ambaye sasa alitembea na bakora yake. Akawekewa mfumo mpya, akarudi chini ya kitambaa kipya. Ukurasa wa zambarau haukuonekana tena.

Siku chache baada ya bandeji kutolewa, Mama Mkate alirudi kutoka kazini kama kawaida. Alivua viatu, akashika ukuta. Mama yake alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, anasoma habari mwenyewe kwa sauti, na Bawabu akimsikiliza kando yake.

"Hee, kuna kitu kimejitokeza hapa," alisema bibi. "Kimeandika: Kompyuta yako iko hatarini, bonyeza hapa sasa hivi."

Bawabu alisimama. Alirekebisha kofia. Akakiinamia kioo.

"Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unamtaka nani?"

Kioo hakikujibu.

"Asiyejibu haingii," alisema Bawabu, akaufunga ukurasa.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Mkate kutoka mlangoni. "Nimekitegua."

"Umetegua nini?"

"Anawaonyesha wote njia, mwenyewe hajawahi kufika. Ni kibao cha njia."

"Umejuaje?"

"Chetu kiligeuzwa, mama. Kidogo tupotee sote."

Bibi aligeuka. Safari hii uso wake haukuifuata sauti, ulimfuata mtu. Alimtazama binti yake kuanzia miguu iliyovimba mpaka nyusi. Akainuka, akapanguza unga kwa kidole gumba, upande huu, halafu upande ule. Chini ya unga palikuwa na mvi.

"Umechoka hivi, mwanangu," alisema, "na mimi nakutega vitendawili?"

Mama Mkate alitaka kusema hapana, si sana. Miayo ikatangulia.

"Nenda kalale. Mlango wa chumbani ufunge. Leo geti tunalilinda sisi wawili. Yeye ana maswali, na mimi nina jicho."

Akaenda, akalala. Na safari hii viatu vilibaki mlangoni.